Asiyekuwepo na Lake Halipo: Safu ya Masharti na Watoto wa Diff

Utangulizi

Miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili imezagaa imani kwamba majedwali ya takwimu ni shughuli ya watu wengine. Wao wana namba, sisi tuna maneno. Wao wanahesabu, sisi tunahakiki. Makala haya yanakusudia kuitilia shaka imani hiyo. Nayaandika nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, mzaliwa wa Habaswein, kusini mwa Wajir, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisomali na ambaye Kiswahili alikipata darasani. Mwaka 2024 nilifanya kibarua cha miezi mitatu katika shirika moja lililokuwa likichunguza lishe ya watoto katika vijiji vya mpakani, Diff ikiwa mojawapo. Niliajiriwa kwa sababu ya ulimi wangu, wala si kwa sababu ya hesabu: nilitakiwa kuifasiri hojaji na kuandamana na wadodosaji. Hata hivyo, kibarua hicho kilinifikisha mbele ya kompyuta, na humo ndani ya kompyuta nikakutana na sentensi za masharti.

Ninalotaka kulisema ni moja. Safu ya jedwali inayokokotolewa kwa masharti ni hukumu iliyoandikwa kwa lugha, na neno zito kuliko yote katika hukumu hiyo ni lile tunalolipita upesi, yaani "vinginevyo". Ndani ya neno hilo ndimo wanamopotelea wasiokuwepo. Wahenga wetu walilijua jambo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa waliposema kwamba asiyekuwepo na lake halipo.

Safu ya Masharti ni Nini?

Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wanalijua shairi kuliko wanavyoijua programu, nitaanza na shairi. Tuseme unalo jedwali la mashairi mia moja ya kimapokeo. Kila mstari wa jedwali ni shairi moja. Kila safu ya wima ni sifa moja: jina la shairi, mwaka, idadi ya mishororo katika ubeti. Hizo ni safu ulizozikuta. Mtu alizihesabu na kuziandika. Sasa unataka kuongeza safu mpya iitwayo "aina", ambayo hakuna aliyeiandika. Safu hiyo itatokana na ile ya mishororo. Unaiambia kompyuta hivi: mishororo ikiwa 3, andika "tathlitha"; ikiwa 4, andika "tarbia"; ikiwa 5, andika "takhmisa"; vinginevyo, andika "shairi huru". Kufumba na kufumbua, mashairi yote mia moja yamepata jina.

Hiyo ndiyo safu ya masharti. Ni kazi ambayo kila mwanafunzi wa ushairi ameifanya kwa kalamu. Tunapolitazama shairi na kusema ni mtiririko kwa sababu vina vya kati na vya mwisho havibadiliki toka ubeti hadi ubeti, au ni ukara kwa sababu kimoja hubadilika na kingine hubaki, au ni ukaraguni kwa sababu vyote hubadilika, tunajaza safu ya masharti vichwani mwetu. Tofauti ni kwamba kompyuta haichoki wala haisiti, na haiulizi "una hakika?"

Sasa hebu msomaji alitazame tena jedwali letu. Limo shairi la mishororo 6, yaani tasdisa. Mwandishi wa masharti alilisahau. Je, litaitwaje? Litaitwa "shairi huru", ingawa lina vina na mizani kama mengine. Limo pia shairi ambalo karatasi yake iliguguniwa na mchwa, na aliyelinukuu akaacha nafasi ya mishororo wazi kwa kuwa hakuweza kuihesabu. Hilo nalo litaitwa "shairi huru". Mtafiti atakayekuja baada ya miaka kumi ataandika kwamba mashairi huru yalikuwa mengi katika mkusanyiko huo, na huenda akajenga nadharia nzima juu ya mchwa.

Basi "vinginevyo" huchukua makundi matatu kwa mkupuo: yale ambayo kweli ni tofauti, yale tuliyoyasahau, na yale tusiyoyaona. Huyavalisha yote vazi moja.

Utaratibu wa Masharti

Programu tuliyoitumia shirikani inaitwa R. Ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ni programu ya bure, na ndiyo maana imeenea katika vyuo na mashirika ya Afrika Mashariki. Ndani yake mna njia nyingi za kuongeza safu ya masharti. Ya zamani ni amri ya ifelse, yenye sharti moja na majibu mawili: likitimia, hili, lisipotimia, lile. Nyingine ni amri ya case_when, iliyomo katika kifurushi cha dplyr, ambayo hukubali masharti mengi yaliyopangwa kwa zamu.

Neno "zamu" lina uzito hapa. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa basi kati ya Nairobi na Wajir anavijua vizuizi vya barabarani, hasa ukaguzi wa vitambulisho kwenye daraja la Mto Tana mjini Garissa. Abiria aliyeshushwa katika kizuizi cha kwanza hakifikii cha pili. Amri hii hufanya vivyo hivyo: kila mstari wa jedwali hupita kwenye masharti kwa mpangilio ulioandikwa, na sharti la kwanza linalotimia ndilo linaloukamata. Yaliyo mbele hayaulizwi tena.

Katika uchunguzi wetu kipimo kilikuwa mzingo wa mkono wa juu wa mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 6 na 59. Hupimwa kwa utepe wa rangi tatu ambao mama yeyote wa kaskazini mashariki anaujua. Mzingo ukiwa chini ya milimita 115 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Ukiwa 115 au zaidi lakini chini ya 125 ni njano, yaani utapiamlo wa wastani. Ukifika 125 na kuendelea ni kijani. Sasa mtu akitanguliza sharti lisemalo "chini ya 125, andika njano", kisha akafuatisha "chini ya 115, andika nyekundu", hatapatikana mtoto hata mmoja mwekundu katika jedwali lake. Mtoto wa milimita 108 yu chini ya 125, kwa hiyo atakamatwa na kizuizi cha kwanza. Masharti yote mawili ni sahihi yakisomwa moja moja. Uongo umo katika utaratibu wake. Sisi wa isimu tungesema kwamba maana haimo katika sentensi peke yake, bali pia katika mahali pake ndani ya matini.

Namba zenyewe nazo zina historia. Kabla ya mwaka 2009 mpaka wa utapiamlo mkali ulikuwa milimita 110. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja lililousogeza hadi 115. Kwa tamko hilo watoto wengi waliingia katika kundi la wanaostahili matibabu, ilhali hakuna mkono hata mmoja uliokonda kwa sababu ya tamko. Kilichobadilika ni sharti. Tangu nilipoyaelewa hayo siwezi tena kuambiwa kwamba namba ni mashahidi wasiokuwa na upande. Namba hujibu swali, na swali huulizwa kwa lugha.

Diff Katika Jedwali

Diff iko Wajir Kusini, kwenye mpaka wa Kenya na Somalia. Jambo la kwanza nililoliona jedwalini ni kwamba haikuwa mahali pamoja. Katika mistari fulani iliandikwa "Diff", katika mingine "Dif", na katika mingine "Diif", kama inavyoandikwa kwenye orodha ya wadi za uchaguzi. Habaswein kwetu nayo ilikuwa na tahajia zake, na Dadajabulla vilevile. Kwa binadamu hizo ni tahajia tu za jina la Kisomali lililohamishiwa katika herufi za wageni. Kwa kompyuta ni vijiji vitatu tofauti. Ilibidi iongezwe safu ya masharti ya kuyarudisha majina nyumbani: likiwa "Dif" au "Diif", andika "Diff". Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa mzawa, na kwa hakika niliifurahia. Ilikuwa uhariri wa matini kama ule tunaofundishwa darasani, wa kulinganisha miswada na kutafuta umbo moja la neno.

Jambo la pili halikufurahisha. Baada ya majina kutengenezwa, safu ya rangi ilionyesha kwamba watoto wa Diff na makazi yaliyoizunguka walikuwa na afya bora kuliko watoto wa vijiji vilivyo karibu na barabara kuu. Rasimu ya taarifa ilikwisha andikwa. Ilisema kwamba hali ya lishe ya eneo la mpakani "ni ya kuridhisha".

Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Nilikuwa nimefika Diff na wadodosaji. Tulifika wakati ardhi ilikuwa bado haijasahau misiba miwili mfululizo: misimu mitano ya mvua iliyokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ambayo iliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini, na kisha mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yaliyozikumba Garissa, Wajir na Mandera na kukata barabara. Makazi mengine hatukuweza kuyafikia kwa gari. Katika nyumba tulizozifikia, watoto wengine hawakuwepo. Mama mmoja alinikaribisha chini ya kivuli, akawaleta wawili, akasema, "Walaal, huyu wa tatu yuko malishoni na bibi yake, kwenye maziwa." Walaal ni ndugu. Mdodosaji alimuuliza kama huyo wa tatu amewahi kupimwa. Akajibu kwa Kisomali, "Weli maya." Maana yake ni "bado".

Nikaomba kuyaona masharti yenyewe. Yalikuwa mistari mitatu, nayo yalipangwa kwa utaratibu uliofaa: chini ya 115, nyekundu, chini ya 125, njano, vinginevyo, kijani. Aliyeyaandika alifikiri, kama ambavyo wengi wangefikiri, kwamba asiyekuwa mwekundu wala wa njano hana budi kuwa wa kijani. Lakini jedwali lilikuwa na watu wa namna ya nne. Mahali ambapo mtoto hakuonekana, wadodosaji wengine walikuwa wameacha nafasi tupu, na wengine, kwa kufuata maelekezo ya hojaji, walikuwa wameandika 999.

Hebu tuzitazame hizo alama mbili. Kwa kompyuta 999 ni namba kama namba nyingine. Si chini ya 115 wala si chini ya 125. Kwa hiyo mtoto yule aliyekuwa malishoni alihesabiwa kuwa na mkono wenye mzingo wa karibu mita moja, na akapewa kijani. Nafasi tupu inavutia zaidi. R huiita NA, na ukiiuliza kama kisichojulikana ni pungufu ya 115, haijibu ndiyo wala siyo. Hujibu kwamba haijulikani. Amri ya zamani ya ifelse huliheshimu jibu hilo na kuiacha nafasi wazi katika safu mpya. Amri ya case_when ina tabia nyingine: sharti ambalo halikujibiwa "ndiyo" hulipita na kuendelea mbele, mpaka ifike kwenye "vinginevyo", ambayo humpokea kila mtu. Na lau kazi ile ingefanywa katika lahajedwali za kawaida, seli tupu ikilinganishwa na namba ingehesabiwa kuwa sifuri, na sifuri ni chini ya 115. Mtoto yuleyule angekuwa mwekundu. Basi mtoto mmoja ambaye hakuna aliyemwona ni mzima katika amri moja, mgonjwa katika programu nyingine, na katika amri ya tatu ni kimya. Rangi yake imetoka mahali popote isipokuwa mkononi mwake.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba kutokuwepo kwa watoto wale hakukuwa bahati nasibu. Waliokosekana ni wa nyumba za mbali na barabara, ambako gari lilikwama, na wale waliopelekwa kwa mifugo kwa sababu maziwa yalikuwa haba nyumbani. Sababu zilizowaondoa kwenye kipimo ndizo hizohizo ambazo zingeweza kuwadhoofisha. Kwa hiyo kadiri kijiji kilivyokuwa kigumu kufikika, ndivyo safu ya masharti ilivyokipaka kijani.

Nilimpelekea msimamizi hoja hiyo kwa maandishi. Mwanzoni alinijibu kwa upole wa mtu mwenye haraka: "Mwalimu, hiyo ni mistari michache tu." Nilimwomba aihesabu hiyo mistari kwa kila kijiji, badala ya kuihesabu kwa jedwali zima. Katika jedwali zima ilikuwa michache. Katika makazi ya Diff ilikuwa mingi kuliko watoto waliopimwa. Baada ya hapo hatukubishana tena. Safu iliandikwa upya, sentensi ya "kuridhisha" ikaondolewa, na baada ya wiki tatu timu ikarudi na tepe zake. Miongoni mwa watoto waliokuwa kijani katika safu ya kwanza walipatikana wa njano, na wachache wa nyekundu, ambao walipelekwa kwenye zahanati. Wengine walikuwa kijani kweli, alhamdulillahi. Lakini sasa kijani chao kilikuwa na mkono.

Hajapimwa

Tulipokuwa tukiiandika safu upya palizuka swali la istilahi. Kundi la nne liitweje? Rasimu za mwanzo zilipendekeza "hakuna data" na "hakupimwa". Hapo ndipo nilipoona kwamba sarufi yetu ina hazina ambayo wataalamu wa takwimu wanaihitaji.

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kwamba "alipimwa" hukanushwa kuwa "hakupimwa", na "amepimwa" hukanushwa kuwa "hajapimwa". Tunaikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani kisha tunaisahau. Lakini tofauti iliyopo baina ya maneno hayo mawili ni kubwa. "Hakupimwa" hufunga mlango: tukio lilikuwa na wakati wake, wakati ukapita, basi. "Hajapimwa" huuacha mlango wazi. Inakiri kwamba jambo halijatukia, na papo hapo inashikilia kwamba linangojewa. Kiambishi -ja- kinabeba deni. Mama wa Diff aliyesema "weli maya" alikuwa akizungumza kwa sarufi hiyohiyo, ingawa lugha ni nyingine.

Nilipendekeza kundi la nne liitwe "hajapimwa", na pendekezo likakubaliwa. Masharti yakawa manne, na lile la kwanza likawa la wasiokuwepo: mzingo ukiwa haujulikani, au ukiwa 999, andika "hajapimwa". Kisha nyekundu. Kisha njano. Kisha, badala ya "vinginevyo", sharti kamili linalosimama kwa miguu yake: mzingo ukiwa 125 au zaidi, andika "kijani". Ukiandika hivyo bila "vinginevyo" mwishoni, mstari wowote usioingia popote hubaki mtupu, na utupu huo hukuita ukautazame. Kanuni niliyoipata humo ni rahisi: hali njema nayo ithibitishwe kwa sharti lake, isidhaniwe tu kwa sababu ubaya haukuonekana.

Hapa naomba niseme neno juu ya viambishi vingine vya masharti, kwa kuwa vinatusaidia kuona kompyuta inapoishia. Kompyuta inaijua -ki- na inaijua -sipo-: mzingo ukiwa hivi, usipokuwa hivi. Haina -nge-. Ipo mbinu ya takwimu ya kujaza nafasi tupu kwa makisio: unawatazama watoto wa umri uleule na kijiji kilekile waliopimwa, kisha unakadiria. Ni mbinu halali, na mara nyingine ni ya lazima. Lakini tafsiri yake kwa Kiswahili sanifu ni "angepimwa, angekuwa hivi". Mara makisio yanapoingia katika safu, kiambishi hicho hupotea. Namba ya "angekuwa" hukaa bega kwa bega na namba ya "ni", na msomaji wa taarifa hawezi kuzitofautisha. Ndiyo maana mtu mwangalifu huongeza safu nyingine ya kueleza ipi ilipimwa na ipi ilikisiwa. Kwa maneno mengine, huirudisha -nge- ilikotoka.

Safu Zilizo Kubwa Kuliko Kijiji

Msomaji asidhani kwamba nimelikuza jambo dogo. Watu wa kaskazini mashariki wanaishi ndani ya safu za masharti zilizo kubwa zaidi. Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kuhusu kaunti kame. Kipimo kimojawapo ni faharasa ya hali ya mimea inayotokana na picha za setilaiti. Ukijani wa sasa hulinganishwa na ukijani wa chini kabisa na wa juu kabisa uliowahi kuonekana mahali hapo, na matokeo huwekwa kati ya 0 na 100. Kisha huja masharti: kuanzia 35 ni kawaida au zaidi ya kawaida, chini ya 35 ni ukame wa kadiri, chini ya 20 ni ukame mkali, chini ya 10 ni ukame uliopindukia. Mpango wa HSNP wa kuzipa kaya fedha, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, uliitumia faharasa hiyo kuamua lini waongezwe walengwa wa dharura. Bima ya mifugo ya serikali iliyoanzishwa Wajir na Turkana mwaka 2015 nayo ilifuata kanuni ya aina hiyo: ukijani wa malisho ukishuka kupita kiwango, fidia hulipwa, usiposhuka, hailipwi, hata kama ngamia amekufa mbele ya mwenyewe.

Sisemi kwamba mipango hiyo ni mibaya. Iliokoa watu wengi, na uzuri wake ni kwamba masharti yake hayana ndugu wala rafiki. Chifu hawezi kuibembeleza setilaiti. Lakini setilaiti nayo ina "vinginevyo" yake. Inaona ukijani, haioni kinacholiwa. Mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa Bura mwaka 1982 na ambao sasa umetapakaa katika bonde la Tana na Garissa, hubaki kijani hata wakati wa kiangazi, ilhali majani yake mifugo huyakwepa. Mfugaji anayelitazama pori lile anaona njaa. Setilaiti inaona rangi.

Na zipo safu zilizotangulia kompyuta. Mnamo Novemba 1989 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Kisomali wahakikiwe upya na kupewa kadi maalumu za kuonyesha uraia wao. Hiyo ilikuwa safu ya masharti iliyoongezwa kwa watu wa kabila moja tu katika jedwali la taifa. Baadaye, familia zilizojiandikisha katika kambi za Dadaab nyakati za njaa ili zipate chakula ziliwaona watoto wao wakikua na kunyimwa vitambulisho, kwa kuwa alama za vidole vyao zilikutwa katika daftari la wakimbizi. Sharti lilikuwa fupi: alama ikipatikana kule, basi huyu si raia huku. Maelfu walikwama hapo kwa miaka mingi. Mwezi Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha uhakiki wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa maeneo ya mpakani. Sharti moja lilifutwa kwenye karatasi. Lakini hata baada ya sharti kufutwa, safu iliyokokotolewa kwalo haijirekebishi yenyewe. Ni lazima mtu airudie mstari kwa mstari.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuongeza safu ya masharti katika jedwali ni kitendo cha lugha kabla ya kuwa kitendo cha hesabu. Anayeamua utaratibu wa masharti, anayechagua neno la kundi la mwisho, na anayeamua kama mtoto asiyeonekana ni "mzima", "hakupimwa" au "hajapimwa", anafanya kazi ambayo sisi tumeisomea. Uhakiki wa fasihi umetuzoesha kuuliza ni nani hasemi katika riwaya, nani ametajwa bila jina, na kimya fulani kina maana gani. Swali hilohilo likiulizwa mbele ya jedwali linaweza kumtoa mtoto katika rangi isiyo yake.

Napendekeza basi kwa chama chetu mambo mawili. La kwanza, wanafunzi wa Kiswahili tusiogope kujifunza programu za takwimu. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice na kuthibitisha kwamba kompyuta inaweza kusema Kiswahili. Kilichobaki ni sisi kusema nayo. La pili, tunapotunga istilahi za taaluma hii tusikimbilie nomino pekee. Vitenzi vyetu vimebeba elimu, na kiambishi -ja- ni ushahidi tosha.

Mama yule wa Diff hakusoma takwimu, lakini jibu lake lilikuwa sahihi kuliko safu nzima ya kwanza. Hakusema mtoto wake ni mzima, wala hakusema ni mgonjwa. Alisema bado. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo methali inavyotuambia. Lakini methali hueleza tabia ya walimwengu, haiamrishi ifuatwe. Anayeandika masharti ana uwezo wa kumwekea asiyekuwepo nafasi yake, akaiandika wazi, na akaiacha imngoje.